Maumivu ya Mwenye Rangi Nyingine: Kwa Nini Hutugusa Kidogo, na Nini Hubadilisha Hali Hiyo

Katika kikao cha kuandaa mapokezi ya wageni kutoka usharika rafiki wa ng'ambo, mama mmoja mjumbe wa kamati aliuliza swali ambalo halikuwemo kwenye ajenda. Alisema, "Hawa ndugu zetu wakimwona mtoto wetu analia, wanaumia kama wanavyoumia kwa mtoto wao, au wanaona picha tu?" Wajumbe walicheka kidogo, mwenyekiti akasema muda umekwenda, tukaendelea na suala la malazi. Mimi nililiandika swali lile pembeni mwa daftari langu, nikamwahidi kulifanyia kazi. Makala hii ni jibu langu kwake. Naomba niseme mapema kwamba swali lenyewe linatuhusu sisi pia, kama tutakavyoona.

Tuanze hospitalini. Mwaka 2000 madaktari wa Atlanta, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya mji huo. Walipitia mafaili ya wagonjwa 217 waliovunjika mifupa ya mikono au miguu, Wazungu na Wamarekani Weusi. Kati ya Wazungu, asilimia 74 walipewa dawa ya kutuliza maumivu. Kati ya Weusi, asilimia 57. Malalamiko ya maumivu yaliyoandikwa kwenye mafaili yalikuwa yanafanana, na tofauti ile haikuondoka hata baada ya watafiti kuzingatia mambo mengine kama njia ya malipo na muda tangu mgonjwa aumie.

Tukisikia maneno "ubaguzi wa rangi" mara nyingi tunamfikiria mtu mwenye chuki, anayetukana au kumfungia mwenzake mlango. Yawezekana watu wa aina hiyo walikuwepo. Lakini ni vigumu kuamini kwamba chumba kizima cha madaktari na wauguzi kilikuwa kimejaa chuki. Jambo linaloelekea zaidi kuwa kweli, na linalotisha zaidi kwa maoni yangu, ni kwamba wengi wao walikuwa watu wema waliodhani wanawatendea wagonjwa wote sawa. Maumivu ya mmoja yaliwagusa haraka, ya mwingine yakachelewa kuwagusa, na wao wenyewe hawakujua.

Sehemu ya sababu ni mafundisho ya uongo yaliyorithiwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza Wazungu 222, wanafunzi wa udaktari na madaktari walioko mafunzoni, kuhusu miili ya watu Weusi. Takriban nusu yao walikubali walau jambo moja lisilo la kweli, kwa mfano kwamba ngozi ya mtu Mweusi ni nene kuliko ya Mzungu, au kwamba damu yake huganda upesi zaidi. Waliokubali mambo hayo ndio waliokadiria maumivu ya mgonjwa Mweusi kuwa madogo, na ushauri wao wa matibabu kwake ukawa na makosa zaidi. Uongo wa namna hii una dawa inayojulikana, nayo ni kufundisha ukweli. Iko sehemu nyingine ambayo haiponi kwa kufundishwa tu, nayo ndiyo nataka tuitazame kwa kirefu.

Ubongo unapoona sindano

Mwaka 2004 watafiti wa London waliwaalika wapenzi 16 pamoja na wenzi wao. Mwanamke alilala ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo unapofanya kazi, na mwenzi wake akakaa kando. Wakati mwingine mwanamke mwenyewe alipigwa shoti ndogo ya umeme mkononi, wakati mwingine alipigwa mwenzi wake, naye akijulishwa kwa alama. Ilionekana kwamba baadhi ya maeneo ya ubongo yanayofanya kazi mtu anapoumia mwenyewe, hasa eneo liitwalo insula na jingine lililo ndani sehemu ya mbele katikati ya ubongo, hufanya kazi pia anapojua kwamba mpenzi wake anaumia. Sisi tunasema "naumwa na wewe", na kumbe kuna namna ambayo maneno hayo ni ya kweli.

Swali lililofuata lilikuwa: je, ni hivyo kwa kila mtu? Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Peking, Beijing, waliwaonyesha wanafunzi wa Kichina na wa Kizungu picha za video za nyuso. Uso mmoja ulichomwa sindano shavuni, mwingine uliguswa tu kwa kijiti chenye pamba. Nyuso zilikuwa za Wachina na za Wazungu. Kila kundi lilipoona mtu wa rangi yake akichomwa, lile eneo la mbele katikati ya ubongo liliamka kwa nguvu. Lilipoona mtu wa rangi nyingine akichomwa, liliamka kidogo. Walipoulizwa kwa maneno mtu yule ameumia kiasi gani, majibu yao hayakutofautiana kwa rangi. Mdomo ulisema jambo moja na ubongo ukaonyesha jingine, wala hakuna aliyekuwa anadanganya.

Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2010 unanivutia zaidi. Ukitazama sindano ikiingia kwenye mkono wa mtu, misuli ya mkono wako mwenyewe hupokea amri hafifu zaidi kutoka kwenye ubongo kwa muda mfupi, kana kwamba wewe ndiwe uliyechomwa ukaganda. Jambo hili hupimwa kwa kifaa cha sumaku kinachowekwa juu ya kichwa. Watafiti waliwapima Wazungu wa Italia, na watu Weusi wenye asili ya Afrika wanaoishi nchini humo. Kila kundi lilionyesha mgando huo kwa mkono wa rangi yake, na halikuuonyesha kwa mkono wa kundi jingine. Hapo ndipo mama yule wa kamati anapaswa kusikia sehemu ya jibu inayotuhusu sisi: tatizo halikuwa la Wazungu peke yao.

Kisha wakaongeza mkono wa tatu, uliopakwa rangi ya zambarau. Hakuna binadamu mwenye mkono wa namna hiyo. Hata hivyo mkono wa zambarau ulipochomwa, misuli ya watazamaji iliganda kama ilivyoganda kwa mkono wa watu wao. Maana yake ni kwamba ugeni wa rangi peke yake si sababu ya kutosha. Mkono wa zambarau ni mgeni kuliko yote, lakini hakuna aliyewahi kusikia hadithi mbaya juu ya watu wa zambarau. Aidha, waliokuwa na upendeleo mkubwa zaidi wa siri kwa watu wao, kwa kipimo kingine walichofanya, ndio waliokuwa na pengo kubwa zaidi la hisia.

Ikumbukwe kwamba vipimo hivi hufanywa kwa watu wachache, mara nyingi ishirini au thelathini hivi, tena wengi ni wanafunzi wa chuo. Picha ya ubongo si picha ya moyo wa mtu. Eneo la ubongo likiamka kidogo haina maana kwamba mtu huyo hatasaidia, na wapo wanaosaidia kwa sababu wameamua, hata bila kusisimka. Lakini jambo moja likionekana Beijing kwa mashine moja na Italia kwa kifaa kingine, si busara kulipuuza.

Hatuzaliwi na pengo hili

Wapo watakaosema, basi ndivyo tulivyoumbwa. Ushahidi hauko hivyo. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa watoto wachanga wa miezi mitatu, uliolinganisha makundi matatu: watoto wa Kizungu wa Israeli, watoto wa Kiethiopia waliokuwa wakiishi Ethiopia, na watoto wa Kiethiopia ambao familia zao zilikuwa zimehamia Israeli na kuishi katika vituo vya wahamiaji, ambako mtoto alibebwa na kuchekeshwa na watu wa rangi zote mbili. Waliwekewa nyuso mbili na kupimwa wanatazama upi kwa muda mrefu. Watoto wa Kizungu walitazama zaidi nyuso za Kizungu, na wale wa Ethiopia nyuso za Kiafrika. Kundi la tatu halikupendelea upande wowote. Miezi mitatu tu, na tayari wale waliowabeba wameacha alama.

Kutazama si kuhurumia, hilo nakubali. Lakini watafiti wa Beijing walipowapima baadaye Wachina watu wazima waliokulia katika nchi za Magharibi, hawakulikuta lile pengo waliloliona kwa wanafunzi wa mwanzo. Huko Australia nako walipimwa wanafunzi wa Kichina waliokuwa wameishi nchini humo kati ya miezi 6 na miaka 5. Kadiri mtu alivyokutana zaidi na watu wa rangi nyingine katika maisha ya kila siku, ndivyo ubongo wake ulivyoitikia maumivu yao. Jambo la kushangaza ni kwamba haikuhitaji urafiki wa karibu. Dereva wa basi, muuza duka, jirani wa ghorofa ya juu, wote walihesabika.

Tena si rangi peke yake inayochora mpaka. Huko Zurich, Uswisi, walichukuliwa mashabiki wa mpira wa miguu, wakaonyeshwa shabiki wa timu yao na shabiki wa timu pinzani wakipigwa shoti. Insula iliamka zaidi kwa mwenzao, na kadiri ilivyoamka ndivyo mtu alivyokuwa tayari baadaye kupokea nusu ya maumivu yale kwa niaba ya mwenzake. Nadhani wasomaji wetu wa Simba na Yanga hawahitaji mashine kulithibitisha hilo. Lakini lina habari njema ndani yake: kama jezi inaweza kuchora mpaka, jezi inaweza pia kuuhamisha.

Semina ya siku moja haitoshi

Sisi watu wa miradi tuna ugonjwa wa kutibu kila kitu kwa semina. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa katika vyuo vikuu 18 na kuhusisha watu zaidi ya 6,300. Lilipima njia tisa fupi za kupunguza upendeleo wa rangi ulio ndani ya mtu bila yeye kujua. Njia zote tisa zilifanya kazi papo hapo. Walipopimwa tena baada ya saa kadhaa au siku kadhaa, hakuna hata moja iliyokuwa imebaki. Niliposoma hayo nilikumbuka ripoti ngapi nimewahi kuandika nikisema "washiriki walibadilika mtazamo", kwa kutegemea fomu iliyojazwa saa kumi jioni kabla ya kugawa posho.

Mambo mengine yameonyesha matumaini zaidi. La kwanza ni kumtazama mtu mmoja mmoja. Katika jaribio jingine la Beijing, la mwaka 2012, watazamaji wa Kichina waliwekewa nyaya kichwani za kupima umeme wa ubongo. Walipotazama nyuso na kutakiwa kutaja rangi, pengo lilionekana mapema mno, kabla ya robo ya sekunde kupita. Walipotakiwa badala yake kuamua kama mtu huyu mmoja anasikia maumivu, pengo lilipungua. Hali kadhalika lilipungua pale watu wa rangi nyingine walipowekwa kwenye timu yao kwa ajili ya mashindano. Sura zilikuwa zile zile.

Huko Wisconsin, Marekani, wanafunzi na wauguzi walionyeshwa video za wagonjwa wa kweli, Weusi na Wazungu, nyuso zao zikionyesha maumivu, kisha wakaamua matibabu. Wote walielekea kuwapa Wazungu zaidi. Lakini walioagizwa kwanza wajaribu kuwaza mgonjwa huyu anajisikiaje walipunguza upendeleo huo, na katika baadhi ya vipimo ulipungua kwa zaidi ya nusu. Agizo lenyewe ni sentensi chache. Hiyo haina maana kwamba linadumu. Ina maana kwamba linapaswa kurudiwa kila mara, kama kunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa.

Kupokea msaada

Sasa nafika kwenye utafiti uliofanya niandike makala hii badala ya kumjibu mama yule kwa simu. Ulifanyika Zurich na kuchapishwa mwaka 2016. Raia wa Uswisi waliambiwa kwamba watapigwa shoti za umeme nyuma ya kiganja, zenye kuuma kweli, lakini mtu mwingine anaweza kutoa fedha zake ili kuwaokoa na maumivu hayo. Kwa baadhi yao mtu huyo alikuwa Mswisi mwenzao. Kwa wengine alikuwa mtu mwenye asili ya nchi za Balkan, watu ambao huko Uswisi mara nyingi hutazamwa kwa mashaka. Kabla ya zoezi, ubongo wa Waswisi uliitikia kidogo maumivu ya mtu wa Balkan. Baada ya kuokolewa naye mara chache tu, mwitikio uliongezeka. Na haukuongezeka kwa yule mkombozi peke yake. Uliwafikia pia watu wengine wa kundi lake ambao hawakuwa wamefanya lolote.

Watafiti wanaeleza kwamba ubongo hujifunza kutokana na mshangao. Mtu akikutendea wema ambao hukuutazamia kutoka kwake, ubongo husahihisha hesabu zake. Wema unaotazamiwa haufundishi sana.

Ndugu wasomaji, angalieni ni nani aliyebadilika. Ni yule aliyesaidiwa. Katika ushirikiano wetu na sharika rafiki, karibu kila kitu tumekipanga kinyume chake. Wao wanaleta, sisi tunapokea, tunaimba, tunasoma risala, tunapiga picha. Kwa miaka hiyo yote tumewanyima wageni wetu nafasi ya kusaidiwa na sisi. Huu ni mtazamo wangu, watafiti wa Zurich hawakuzungumza habari za sharika. Ila naamini hatujauona upungufu huo kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba atoaye ndiye anayejifunza kuhurumia.

Niliwahi kushuhudia mara moja mambo yakienda vingine, tena kwa bahati mbaya. Gari la wageni lilikwama kwenye tope la mvua za masika, saa moja usiku, kilomita nyingi kutoka barabara kuu. Wanakijiji walikuja na mbao, kamba na taa za chemli. Walisukuma hadi saa nne, mzee mmoja akapoteza kiatu ndani ya tope, na wale wageni wakalala katika nyumba tatu tofauti wakiwa wamefunikwa kanga za wenyeji wao. Barua za ugeni ule hazikufanana na zilizotangulia. Zamani waliuliza kisima kimefikia wapi. Safari hii waliuliza kama yule mzee alikipata kiatu chake, na mguu wa mama aliyeteleza umepona. Mfadhili atakayesoma hapa naomba asikasirike. Kisima nacho tunakihitaji.

Lakini tusitie chumvi. Mwaka 2018 kaskazini mwa Iraki, mahali ambapo Wakristo walikuwa wamefukuzwa makwao na kundi la ISIS, iliandaliwa ligi ya mpira wa miguu. Hapa mpaka ulikuwa wa dini, si wa rangi, na kilichopimwa ni matendo, si hisia, lakini funzo lake linafaa. Timu za Wakristo ziliongezewa wachezaji, nyingine Wakristo wenzao, nyingine Waislamu, kwa kura. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Wakristo waliocheza na Waislamu timu moja walikuwa tayari zaidi kujiandikisha msimu uliofuata katika timu iliyochanganyika, na miezi sita baadaye wengi zaidi walikuwa bado wanafanya mazoezi na Waislamu. Ila nje ya uwanja, walipopewa nafasi ya kwenda mkahawani katika mji wa Mosul au kuhudhuria sherehe ya pamoja, hapakuwa na tofauti ya kueleweka. Waliwazoea Waislamu wanaocheza nao. Mgeni wa mtaani alibaki mgeni.

Utaona kwamba hali hii haiendi sambamba na ile ya Zurich, ambako hisia zilivuka hadi kwa watu wasiojulikana. Kwa maoni yangu maabara ni mahali patulivu, na Mosul ilikuwa imetoka vitani. Mtu aliyechomewa nyumba hasahihishi hesabu zake kwa mabao mawili.

Ugeni ujao

Nilimpelekea mama yule majibu haya kwa kifupi, naye akayaleta kwenye kikao kilichofuata. Kamati imekubali kujaribu mambo mawili. Picha tutakazopeleka kwa wafadhili hazitakuwa tena za kundi la watoto wasio na majina. Kila picha itakuwa ya mtu mmoja aliyeridhia, ikiwa na maelezo yake mwenyewe ya kinachomsumbua na kinachomfurahisha. Mzee mmoja alihoji kama mfadhili hatachoka kusoma. Tulikubaliana maelezo yasizidi nusu ukurasa.

La pili ni ratiba. Siku ya tatu ya ugeni, ambayo huwa ya risala na zawadi, wageni na wenyeji watagawanywa kwa kura katika vikundi vitatu vya kuchimba mtaro wa bomba la maji, kila kikundi kikiwa na kiongozi mwenyeji na kipande chake cha kumaliza. Wageni watafundishwa kazi na wenyeji, na jioni watakula na kulala nyumbani kwa wanakikundi wao badala ya hosteli. Majembe yapo ya kutosha. Kinachopungua ni mabuti ya mpira, na usharika wowote wenye jozi za ziada unaombwa kuwasiliana na ofisi ya miradi kabla ya mvua kuanza.